Umbali wa Kuambiwa

14 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Naanza kwa ahadi: mwaka huu nitakuandikia kila kitu bila kubakiza, hata cha aibu, kwa sababu wewe ndiye uliyesema mtu anayeandika nusu ya alichokiona afadhali angelala. Basi naanza na cha aibu. Jumanne nilitolewa darasani.

Mwalimu wa Sayansi alikuwa anatueleza historia ya elimu. Akasema watu wote wa kale walidhani dunia ni bapa kama sinia, mpaka mabaharia walipoizunguka. Nikanyoosha mkono. Nikasema, mbona shangazi yangu ameniandikia kwamba Wagiriki walijua ni mviringo, na walikiona kivuli chake kikipita juu ya mwezi? Akasema tuendelee. Nikasema mbona hajajibu. Darasa zima likacheka, maana jina ulilonipa limefika mpaka huku. Sasa hata mpishi wa shule ananiita Mbona. Mwalimu akanituma nikasimame chini ya mlingoti wa bendera mpaka kipindi kiishe.

Nilisimama nikiangalia kivuli cha mlingoti kikifupika, na nikakumbuka barua yako ya mwaka jana, ile ya Mgiriki aliyetunza maktaba kuu ya Misri. Aliambiwa kwamba kuna mji wa kusini ambako siku moja kila mwaka jua la saa sita huingia kisimani mpaka kwenye maji, na nguzo hazina kivuli. Kwake kaskazini, siku ile ile, nguzo zilikuwa na kivuli. Akapima pembe ya kivuli, akachukua umbali wa miji hiyo miwili, akapata mzunguko wa dunia nzima bila kutoka nje ya mji wake.

Kipindi kilipoisha Mwalimu alinifuata mwenyewe. Ni mtu mwema, ila anachoka haraka. Akasema, "Kwa kuwa unajua sana, nipimie dunia." Nikasema sawa. Sasa hilo ndilo onyesho la darasa letu kwenye maonyesho ya sayansi ya mwezi wa saba.

Shangazi, inafaa kabisa. Nimeweka rula kwenye atlasi: mji mkuu unakoishi uko kaskazini yetu moja kwa moja, kilomita mia tisa kwa mstari ulionyooka. Tarehe ishirini na moja Juni mimi nisimamishe kijiti cha mita moja huku, wewe usimamishe kingine huko kwenye uwanja wa Chuo Kikuu. Kaskazini kivuli kitakuwa kifupi kuliko changu. Tofauti ya vivuli itatupa tofauti ya pembe, na pembe itatupa dunia.

Baba anakusalimu. Ile miwani uliyomletea ndiyo inayomwezesha kutunga uzi kwenye sindano. Bila hiyo anashona kwa kupapasa. Kila mteja anayekuja kupimwa suruali lazima aambiwe kwamba dada yake ni mhadhiri na kwamba mimi nikimaliza mtihani nakuja kuishi kwako nisome sekondari ya juu huko mjini. Amesema bila shangazi hakuna mji, hamwachi binti yake kwa watu asiowajua. Cherehani ya pili ameshaitia mafuta, eti ikitokea huna nafasi nisikae bure. Anasema hivyo kwa utani, lakini mafuta ni ya kweli. Anataka neno lako kabla ya mwisho wa Agosti.

Barua zako siku hizi zinachukua karibu wiki mbili, hata tatu. Ningekupigia simu, lakini sheria yako naiheshimu: mambo ya akili yaandikwe.

Mbona wako


5 Mei

Mbona,

Marahaba. Barua yako imenifurahisha na kunisumbua, hasa hapo chini ya mlingoti.

Kivuli ni wazo zuri. Ila mimi saa sita huwa na kazi, na Juni kwetu ni mwezi wa mitihani. Kwa nini usiangushe mawe mawili kutoka ghorofani, zito na jepesi? Watu waliamini kwa karne na karne kwamba zito hutangulia kufika chini, kwa kuwa mkubwa mmoja wa kale alisema hivyo. Jaribio kama hilo halihitaji shangazi.

Na kwa kuwa unapenda kunyoosha mkono, chukua hadithi hii. Kulikuwa na tabibu wa kale, hodari kweli, aliyeruhusiwa kupasua wanyama tu, nyani na nguruwe. Akaandika juu ya mwili wa mwanadamu kwa kufuata alichokiona kwa wanyama. Akasema taya letu la chini ni mifupa miwili iliyoungana. Kwa zaidi ya miaka elfu moja walimu walisoma maneno yake kwa sauti, hata maiti ilipokuja kulazwa mbele yao, taya lake likiwa mfupa mmoja, na hakuna aliyeona. Kisha akaja daktari kijana akapasua mwenyewe, akasema, ni mmoja. Unajua mwalimu wake wa zamani alijibu nini? Alisema tabibu wa kale hakukosea. Ni miili ya watu ndiyo iliyobadilika tangu enzi zile.

Wanafunzi hucheka nikifika hapo. Mimi nilicheka pia, zamani. Sasa najua kwamba katika kila idara kuna mtu aliye radhi kubadilisha mwili wa mwanadamu kuliko kubadilisha ukurasa wake.

Kuhusu kuja kwako, nyumba za wahadhiri zinapakwa rangi, na sijui zitakwisha lini. Mwambie kaka asiharakishe. Mwambie pia miwani asiilaze kwa upande wa kioo, itakwaruzika. Barua tumia anwani ile ile ya idara, karani ananitunzia.

Shangazi yako


23 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimecheka taya mpaka Mama akauliza nina nini, na nilipomweleza naye akashika lake kuhakikisha.

Lakini mawe hapana, tafadhali. Kuangusha mawe kila darasa linaweza. Kivuli hakiwezekani bila watu wawili wanaoaminiana walio mbali, na katika shule yote ni mimi tu niliye na mtu wa namna hiyo. Mwalimu ameshaandika kwenye bango kwa wino wa kijani: *Kipimo cha kaskazini kimechukuliwa na mhadhiri wa Chuo Kikuu.* Mwalimu Mkuu amelisoma mara mbili akaninyooshea kidole gumba. Siwezi kurudi nikamwambia shangazi yangu ana kazi saa sita.

Nakuomba dakika chache tu za siku moja. Kama huwezi kutoka, hata dirishani.

Halafu kuna kitu nimekiona. Kwenye kona ya barua yako kuna alama nyekundu ya kidole gumba, na ile iliyotangulia ilikuwa nayo. Ni chaki? Nimeona mistari yote ya kidole chako na nikaweka changu juu yake. Chako ni kikubwa zaidi kidogo.

Miwani haiwekwi tena kwa upande wa kioo. Baba anasema mshukuru yule rafiki yako mwenye duka la miwani, aliyeisaga. Ukiitazama huoni mahali kioo kinapoanza.

Mbona wako


9 Juni

Mbona,

Ni chaki. Chaki nyekundu.

Umeshinda. Tutapima. Sasa nisikilize, kwa sababu nikikubali kufanya kitu sipendi kifanywe ovyo. Kijiti kiwe mita moja juu ya ardhi baada ya kukisimika; usihesabu kilichozama. Ukinyooshe kwa timazi, uzi wenye jiwe unatosha. Ardhi iwe sawa kama meza. Usiiamini saa ya mtu. Anza kuweka alama kwenye ncha ya kivuli mapema, uendelee mpaka kianze kurefuka tena, kisha uchukue kile kifupi kuliko vyote. Hiyo ndiyo saa sita ya jua. Na ukishapata namba, iandike papo hapo jinsi ilivyo. Usiirekebishe hata kama haikupendezi. Namba ukiirekebisha mara moja haitakuamini tena.

Umeniambia nimshukuru aliyesaga miwani. Nitakwambia juu ya mwingine. Kulikuwa na mwanafalsafa aliyetengwa na watu wake mwenyewe angali kijana, kwa sababu ya mawazo yake. Wakakatazwa kusema naye, wakakatazwa kukaa naye chini ya dari moja. Aliishi kwa kusaga lenzi. Baadaye chuo kikubwa kilimwita akafundishe, akakataa. Watu wanaisimulia hadithi hiyo kwa raha, kana kwamba kusaga vioo ni aina ya sala. Alikufa mapema, kwa ugonjwa wa mapafu. Wanaomsifu ni wengi; wanaouliza vumbi la kioo lilimfanya nini kifuani ni wachache.

Tarehe ishirini na moja, basi.

Shangazi yako


21 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Naandika hapa hapa uwanjani, karatasi iko juu ya goti. Sentimita sitini na moja. Wasichana wawili walishika uzi, Mwalimu alileta kiti akakaa kabisa kama anaangalia mpira, na ncha ya kivuli ilipogeuka kuanza kurefuka nilirudi kwenye alama fupi kuliko zote nikapima. Nilikuwa nawaza kwamba dakika hiyo hiyo na wewe umeinama. Ni kama tulikuwa tumeshika kamba moja, wewe ncha ile na mimi hii.

Nimeshakokotoa tunachotarajia kutoka kwako, lakini sikwambii, ili usishawishike.

Mbona wako


21 Juni

Mbona,

Kivuli kifupi kuliko vyote: sentimita hamsini na tisa. Kijiti mita moja, ardhi ya saruji, anga safi. Treni ilipita ikakitetemesha kijiti kidogo, nikakinyoosha upya kabla ya kupima.

Ndivyo kilivyo.

Shangazi yako


13 Julai

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Niliahidi kukueleza yote, kwa hiyo nakueleza ingawa mkono hautaki.

Barua yako ilifika juzi, Mwalimu akaifungua mbele ya darasa. Nilichora pembetatu mbili kwenye karatasi kubwa nikazipima kwa kipimapembe. Pembe yangu ni thelathini na moja na nusu. Yako ni thelathini na nusu. Tofauti ni digrii moja tu. Digrii moja kwa kilomita mia tisa ina maana mzunguko mzima ni kilomita laki tatu na zaidi. Kitabu kinasema elfu arobaini. Nimepata dunia kubwa mara nane.

Mwalimu aliitazama karatasi, akasema, "Binti, dunia yako inakaribia ukubwa wa sayari ya Mshtarii." Walicheka mpaka darasa la jirani wakaja mlangoni. Sasa jina langu la Mbona limestaafu, naitwa Dunia Pana. Nikipita kwenye foleni ya chakula wanasogea, eti wanipishe nina mizigo.

Nilirudia hesabu. Nilirudi uwanjani nikapima kijiti changu tena: mita moja kamili. Kivuli chako kilipaswa kuwa kama sentimita arobaini na tatu. Hamsini na tisa ni karibu sawa na changu, kana kwamba tumesimama uwanja mmoja.

Baada ya kipindi Mwalimu aliniita. Alisema kwa upole kwamba wageni wa maonyesho hawaji kuona makosa, na kwamba mhadhiri mwenye mambo mengi anaweza kusoma vibaya rula. Akanipa kifutio. "Andika arobaini na tatu tumalize, shangazi yako mwenyewe atatushukuru." Nilikishika kile kifutio, Shangazi. Kilikuwa kipya. Kisha nikakiweka mezani nikasema siwezi, namba ni yako. Amenipa mpaka wiki ijayo.

Naomba unisaidie. Kijiti chako kilikuwa mita moja kweli? Hukusoma upande wa inchi? Unaweza kupima tena, hata kama siku imepita, ili nijue kosa liko wapi? Na Baba anauliza kama rangi ya nyumba imekauka.

Mbona wako


1 Agosti

Mbona,

Kijiti kilikuwa mita moja. Rula ilikuwa ya sentimita. Sipimi tena.

Nadhani maonyesho yameshapita barua hii inapokufikia. Kama bado, mwambie Mwalimu kulikuwa na mawingu huku, mwambie nilikuwa mgonjwa, mwambie shangazi yako ni mzembe. Chochote atakachokubali. Ila usiandike arobaini na tatu. Hilo tu nakuomba, na sikuombi kingine mwaka huu.

Kulikuwa na daktari aliyeona kina mama wakifa baada ya kujifungua, wodi moja wengi, wodi ya pili wachache. Akagundua kwamba madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti wanakuja kuzalisha. Akawaambia, nawaeni mikono. Walionawa, kina mama waliowazalisha hawakufa. Ungedhani alipewa medali. Walichukia kuambiwa kwamba mikono yao wenyewe ndiyo iliyoua. Mkataba wake wa kazi haukuongezwa, na alifia katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akiwa na kidonda. Vitabu vinasema ukweli ulishinda mwishoni. Ni sawa. Mwishoni yeye hakuwepo.

Nakuandikia haya kwa kuwa unadhani elimu ni ngazi, kila mtu anakanyaga bega la aliyemtangulia, na juu kuna mwanga. Nilikufundisha hivyo mimi mwenyewe. Nilikuwa nimeshiba.

Mwambie kaka mwaka huu haitawezekana. Mwambie nitamwandikia.

Shangazi yako


21 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Hii ni ndefu, na utaona kwamba haikupitia kwa karani wa idara. Nimeandika anwani ya duka. Itakufikia kesho kutwa badala ya wiki mbili au tatu.

Sikuandika arobaini na tatu. Siku ya maonyesho nilikuta meza yetu ina mawe mawili na ngazi, na bango la wino wa kijani limegeuzwa nyuma likaandikwa *Zito na Jepesi*. Kumbe ulikuwa umeshauri vizuri tangu mwanzo. Mimi nilipewa kazi ya kuokota mawe. Mwalimu hakunitazama machoni siku nzima, na jioni aliniambia angeweza kunitetea kama ningemwachia mlango mdogo tu. Nilimjibu kwa heshima. Kisha nilikwenda chooni nikalia, hilo nalo naliandika kwa sababu niliahidi.

Barua yako ya tarehe moja ilipofika niliisoma mara nyingi. Ulisema hupimi tena, lakini hukusema ulikosea. Hata mara moja. Mtu aliyenifundisha kuweka alama kwenye ncha ya kivuli hasomi upande wa inchi. Kwa hiyo nilikaa na kuuliza kama ulivyonifundisha: katika hesabu hii, nani alipima nini? Kivuli changu nilipima mimi. Kivuli chako ulipima wewe. Dunia wameshaipima wengi. Kilichobaki ni zile kilomita mia tisa. Nikamkumbuka Mgiriki wako. Kivuli alikipima mwenyewe, lakini kisima hakwenda kukiona, na umbali aliupokea kutoka kwa watu wengine. Alikuwa na bahati, waliomwambia walimwambia karibu na kweli. Mimi umbali niliupokea kutoka kwako.

Basi nikaigeuza hesabu. Nikaiacha dunia iwe elfu arobaini, nikauliza digrii moja ni mbali kiasi gani. Ni kilomita mia moja na kidogo. Niliweka rula kwenye atlasi, nikaipeleka kaskazini, na ikasimama nje kidogo ya mji wa makutano ya reli. Nilidhani nimekosea tena. Halafu Baba akaniambia nimletee kitambaa chake cha kufutia miwani, kile kilichokuja nayo. Amekifutia mpaka kimekuwa kama utando, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukisoma. Kuna picha ya jicho, jina la duka, na jina la mji ule.

Wiki iliyopita mkono wa miwani ulilegea. Ulilegea kwa sababu niliulegeza. Nikamsomea Mama kile kitambaa, akasema tuipeleke hukohuko ilikotoka, nami nimsindikize.

Pale dukani Mama aliingia, mimi nikabaki nje nikasema nachungulia mji. Nilizunguka ubavuni, kwenye kichochoro kinachotazama reli, na dirisha la nyuma lilikuwa wazi kwa ajili ya joto. Ulikuwa umevaa aproni ya kijivu. Umekonda. Ulikuwa umeshika kioo kidogo juu ya gurudumu linalozunguka, na karibu yako palikuwa na bakuli la unga mwekundu wa kung'arishia vioo, umelowa, na vidole vyako vilikuwa vyekundu mpaka kwenye kucha. Nilitaka kuita. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Halafu nikamsikia Mama huko mbele.

Unajua sauti yake anapojisikia. Alikuwa anamwambia muuzaji kwamba miwani hii si ya hivi hivi. "Hii tuliletewa na wifi yangu. Ni mhadhiri wa Chuo Kikuu huko mji mkuu, wanafunzi wanasimama akiingia. Na binti yangu, huyo aliye nje, anakwenda kukaa kwake." Muuzaji alimpongeza. Akasema, "Sisi hapa, mama, ni watu wa kusaga vioo tu." Akaisogeza miwani kwenye kitundu cha ukutani, akagonga, ikakufikia wewe.

Ulizima gurudumu. Niliona ukiitambua. Ulikaza skrubu, hiyo ilikuwa kazi ya muda mfupi, lakini hukuirudisha. Uliipulizia pumzi, ukaifuta kwa pindo la gauni ulilovaa chini ya aproni, ukaiinua kwenye mwanga, ukaifuta tena. Mama alikuwa bado anaendelea, amefika kwenye habari za nyumba yako kupakwa rangi. Ulikuwa umeinamisha kichwa kama mtu anayesomewa hukumu. Treni ikapita, na kila kitu mezani kwako kikatetemeka, nikajua kijiti chako kilisimama wapi. Sakafu ya kichochoro ni saruji. Nilikuwa nimekanyaga pale pale.

Nikaondoka kabla hujageuka. Nilimkuta Mama mlangoni ana furaha. Baba alipoivaa jioni alisema safari hii wameifuta vizuri kuliko siku zote.

Sijamwambia mtu. Baba kila siku anauliza kama barua yako imekuja, nami nasema bado, na kila nikisema nahisi kama nimeshika kile kifutio. Sikumpa ule ujumbe wako kwamba mwaka huu haitawezekana. Sijui niutoe vipi bila kutoa na mengine. Nafasi ya shule inafungwa mwisho wa mwezi. Mchana nakaa kwenye cherehani ya pili, nimeshajifunza kupinda ukingo wa sketi. Baba anadhani ninajifunza ili nije kujishonea huko mjini.

Sikuandikii kukulaumu, ingawa kwa siku kadhaa nililaumu sana, na nilisema moyoni maneno ambayo ningeyaandika kama yangekuwa bado ya kweli. Nilichana barua ya Mgiriki, kisha nikaiunga kwa gundi. Nadhani ninajua kilichotokea huko chuoni. Nadhani kulikuwa na taya mezani, wote wanasoma kwa sauti kwamba ni mifupa miwili, na wewe ukanyoosha mkono. Kama ndivyo, mbona uliona aibu kwetu? Baba angekasirika siku mbili, ya tatu angekutandikia mkeka wa kulalia hapa hapa karakanani kwake kati ya vitambaa. Ila umemwachia ajisifu kwa kila suruali, na sasa mimi ndiye ninayesimama kati yenu nimeshika sindano.

Nauliza jambo moja tu, na naomba ulijibu kwa posta ya kwanza, kabla mwezi haujaisha, usinisimulie mtu wa kale.

Kuna jambo halikubali kukaa kwenye hesabu. Umenidanganya juu ya chaki, juu ya rangi ya nyumba, juu ya karani, juu ya kilomita mia nane. Kivuli cha mji mkuu ungekikokotoa kwa penseli kabla chai haijapoa; hata mimi nilikikokotoa. Ungeniandikia arobaini na tatu. Dunia yangu ingetoka sawasawa, bango lingebaki, Mwalimu Mkuu angenipa mkono, na nisingekujua maisha yangu yote. Wewe ukaenda kichochoroni, ukasimika kijiti, ukasubiri treni ipite, ukanyoosha tena, ukaniandikia hamsini na tisa.

Shangazi, mbona kivuli hukukidanganya?

Mbona wako